Somo la Mifugo: Kuku wa Kienyeji na Sungura katika Shamba Dogo la Familia

Takriban asilimia 62 ya ardhi ya Kaunti ya Taita Taveta imo ndani ya Mbuga za Kitaifa za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Sehemu inayobaki ndiyo tunayoishi, tunayolima na tunayochungia. Kule milimani Wundanyi, familia nyingi zina vipande vidogo vya matuta. Katika nyanda za chini za Voi na Mwatate nafasi ni kubwa zaidi, lakini mvua ni haba, na usiku mmoja wa ndovu shambani unaweza kumaliza mahindi ya msimu mzima.

Katika hali hii, mifugo midogo inayokaa karibu na nyumba ina faida ya pekee. Kuku na sungura hawahitaji ekari. Mama, baba na watoto wanaweza kuwatunza wote kwa zamu, na mapato yake hayasubiri masika wala vuli. Hata hivyo, mkaazi yeyote aliyewahi kufuga anajua jinsi mradi huu unavyoweza kuporomoka. Kuku 40 wanaweza kufa kwa wiki moja kwa ugonjwa wa kideri. Sungura wanaweza kuzaana hadi wakajaza vizimba, halafu mnunuzi asionekane.

Somo hili linaeleza hatua kwa hatua jinsi ya kuanza kwa kiasi kinachowezekana: kuku majike 10 na jogoo 1, sungura majike 3 na dume 1. Ukiwamudu hao kwa mwaka mmoja, utakuwa na uzoefu wa kuongeza.

WAFUGWE SHAMBA MOJA, WASILALE BANDA MOJA

Kuku na sungura husaidiana. Kuku hutembea na kujitafutia wadudu na mbegu. Sungura hukaa kizimbani na kula nyasi na majani. Hawagombanii chakula kimoja. Samadi ya wote wawili hurudi shambani.

Lakini wasiwekwe katika banda moja. Zipo sababu tatu. Ya kwanza, kuku hupenda kulala juu ya vizimba, na kinyesi chao huangukia chakula na maji ya sungura. Ya pili, wapo viini vya magonjwa, kama vile pasturela, vinavyoweza kuwashambulia kuku na sungura pia. Ya tatu, vyakula fulani vya kuku vya dukani huchanganywa na dawa ya kuzuia kuhara damu. Baadhi ya dawa hizo hazimdhuru kuku lakini humuua sungura. Kwa hiyo, kila mfugo na chakula chake, na debe la kupimia lisichanganywe.

BANDA LA KUKU

Kuku wa kienyeji hushinda nje, lakini usiku lazima wawe na banda. Kuku anayelala juu ya mti ni wa paka mwitu.

Kwa kuku wakubwa 20, banda la mita 2 kwa mita 2 linatosha kulala. Urefu wa banda uelekee mashariki na magharibi ili jua kali lisiingie moja kwa moja. Inua sakafu kidogo, ama iwe ya udongo ulioshindiliwa vizuri na kutandazwa maranda au nyasi kavu. Sehemu ya chini ya ukuta izibwe kabisa. Sehemu ya juu iwe na waya wenye matundu madogo ili hewa ipite. Nguchiro na kicheche hupita katika tundu ambalo mtu hulidhania dogo.

Ndani weka:

1. Vichanja vya kulalia. Kila kuku apate nafasi ya sentimita 15 hadi 20.
2. Viota vya kutagia, kiota 1 kwa majike 5. Sanduku la sentimita 30 kila upande linafaa. Kiwe mahali penye giza kidogo.
3. Chombo cha maji ambacho kuku hawezi kuingia na miguu. Maji yabadilishwe kila siku.

Fagia kinyesi mara kwa mara. Maranda yakilowa, yaondoe siku hiyo hiyo, kwa sababu unyevu ndio hualika kuhara damu kwa vifaranga.

KUTOTOA NA KULEA VIFARANGA

Mtetea wa kienyeji hutaga mayai 12 hadi 15 kisha huatamia. Akiachwa afuate mkondo wake, atafanya hivyo mara 3 hivi kwa mwaka, kwa sababu baada ya kutotoa hutumia miezi miwili au mitatu akizunguka na vifaranga. Zaidi ya hayo, wengi wa vifaranga hao hawafiki umri wa kuuzwa. Mwewe, baridi, mvua na njaa huwamaliza katika wiki 8 za mwanzo. Mfugaji akilia kwamba kuku wake hawaongezeki, mara nyingi tatizo liko hapa.

Njia ya kurekebisha ni hii.

Kwanza, chagua mayai. Chukua yenye ukubwa wa wastani, safi, yasiyo na ufa, kutoka kwa majike wanaoishi na jogoo. Yahifadhi mahali penye ubaridi na kivuli, ncha iliyochongoka ikiangalia chini, na yasizidi siku 7. Usiyaoshe.

Pili, atamisha kuku kadhaa siku moja. Mtetea wa kwanza akianza kuatamia, mwache na yai moja au mawili yasiyo ya kutotoa mpaka wenzake wawili au watatu wawe tayari. Kisha wape wote mayai mapya jioni moja. Siku ya 7, mulika kila yai gizani kwa tochi. Yai lenye uhai huonyesha mishipa kama mizizi. Lililo jeupe tupu liondoe. Vifaranga hutoka siku ya 21.

Tatu, walee vifaranga ndani. Mkusanyiko wa vifaranga 30 au 40 wa umri mmoja ni rahisi kuulisha, kuuchanja na kuulinda. Wiki ya kwanza wanahitaji joto la nyuzi 35 hivi, kisha punguza nyuzi 3 hivi kila wiki. Kama huna kipimajoto, wasome wenyewe: wakirundikana pamoja wanaona baridi, wakikimbilia pembeni na kutweta wanaona joto, wakitawanyika na kula, hali ni nzuri. Ukitumia jiko la makaa, liwashe nje hadi moshi uishe na makaa yaive, na uache upenyo wa hewa chumbani. Hewa ya makaa huua vifaranga, na huua watu pia. Usilale chumba hicho.

Nne, mrudishe mama kazini. Mtetea aliyetenganishwa na vifaranga na kulishwa vizuri huanza kutaga tena baada ya wiki chache badala ya miezi.

Angalia tofauti kwa mfano wa hesabu. Majike 4 wakipewa mayai 12 kila mmoja, hayo ni mayai 48. Wakitotoa 38 na ukawaachia wazurure na mama zao, ukibaki na 15 unashukuru. Ukiwalea ndani wiki 8 na kuwachanja, kubaki na 30 ni jambo la kutarajiwa. Kuku ni wale wale na mayai ni yale yale.

KIDERI HAKINA DAWA, KINA CHANJO

Ugonjwa wa kideri, ambao wengi tunauita Newcastle, ndio adui mkuu wa kuku wa kienyeji. Dalili zake ni kuku kuzubaa na kujikunyata, kuhema kwa shida, kuhara kinyesi cha kijani, bawa kulegea, shingo kupinda na vifo vya ghafla. Ukiingia katika boma lisilochanjwa unaweza kuua karibu kuku wote. Hakuna dawa ya kuutibu. Majivu, pilipili na shubiri walivyowekewa kuku kwenye maji miaka yote havijawahi kuuzuia.

Chanjo ipo, na ni rahisi. Inayofaa vijijini ni ile ya matone ya jicho inayostahimili joto kiasi kuliko chanjo za zamani. Kila kuku, mkubwa kwa mdogo, hupata tone 1 katika jicho moja.

Ratiba ya kufuata:

• Vifaranga: tone la kwanza wakiwa na siku 7, la pili wakiwa na wiki 3 hadi 4.
• Baada ya hapo: kila miezi 3, bila kuruka.

Mambo matano ya kuzingatia:

1. Beba chanjo katika chupa ya thermosi au kijikasha chenye barafu. Ingawa inastahimili joto kiasi, jua la Voi huiharibu.
2. Ikishachanganywa, tumia siku hiyo hiyo kwa muda ulioandikwa kwenye kijikaratasi chake. Inayobaki itupwe.
3. Chanja kuku wazima tu. Ukichanja wakati ugonjwa umeshaingia, umechelewa.
4. Kinga huchukua hadi wiki 2 kujengeka. Kwa hiyo chanja mapema kabla ya Pasaka, Idi na Krismasi, wakati kuku wengi husafirishwa na kuuzwa, na ugonjwa husafiri nao.
5. Kuku mgeni akae pekee yake wiki 2 kabla ya kuchanganywa na wako, hata kama ni zawadi kutoka kwa shemeji.

Chupa moja ya chanjo mara nyingi hutosha kuku 100 au zaidi, na mwenye kuku 15 huona ni hasara kuinunua. Suluhisho ni kuchanja pamoja. Nyumba 7 au 8 za kijiji kimoja zikichanga, zikapanga siku moja na kumteua mtu mmoja aliyefunzwa, gharama ya kila kuku inakuwa ndogo sana. Faida nyingine ni kubwa kuliko hiyo ya fedha: kuku wa jirani asiyechanjwa ndiye huleta ugonjwa uani kwako. Kina mama wa vyama vya kuweka na kukopa wanaweza kufanya jambo hili kuwa sehemu ya kikao cha kila mwezi wa tatu.

Kideri kikiingia kijijini, usiuze kuku wagonjwa wala usiwape watu. Wafu wachomwe au wazikwe shimo la kina, mbali na mbwa. Toa taarifa kwa afisa wa mifugo wa wadi haraka. Kudhibiti magonjwa ya mifugo ni jukumu la serikali ya kaunti chini ya Katiba ya 2010, lakini ofisi haiwezi kushughulikia ugonjwa usioripotiwa.

Muulize pia afisa huyo kuhusu chanjo za Gumboro, ndui ya kuku na homa ya matumbo ya kuku, na wakati wa kila moja kulingana na eneo lako.

CHAKULA CHA KUKU

Kuku anayezurura hujipatia sehemu ya chakula chake, si chote, hasa wakati wa kiangazi. Mpe nyongeza ya gramu 30 hadi 50 kila siku. Hiyo ni kama konzi ndogo. Toa jioni, ili pia wazoee kurudi bandani.

Vifaranga ni tofauti. Kwa wiki 8 za kwanza wape chakula cha vifaranga cha dukani au mchanganyiko wenye protini ya kutosha. Kila kifaranga hula takriban kilo 2 kwa kipindi hicho, hivyo vifaranga 30 humaliza kilo 60, pungufu kidogo ya gunia la kilo 70. Weka fedha hizo kando kabla ya kuatamisha, si baada ya kutotoa.

Kwa protini ya bei nafuu, tega mchwa. Jaza chungu au mkebe mkuukuu kwa mabua ya mahindi na samadi kavu ya ng'ombe, nyunyizia maji, kisha uufudikize juu ya njia ya mchwa jioni. Asubuhi uwafunulie vifaranga. Majani ya sukuma wiki, mchicha na kunde huongeza vitamini. Maganda ya mayai yaliyokaangwa na kusagwa huongeza chokaa ya kutengeneza gamba; usiyatoe mazima, kuku atajifunza kula mayai yake.

Mahindi yenye ukungu yasipewe kuku wala sungura. Sumu ya ukungu haiondoki kwa kuanika wala kwa kupikwa.

KIZIMBA CHA SUNGURA

Kila sungura mkubwa awe na chumba chake. Kizimba cha jike kiwe na urefu wa sentimita 90, upana wa sentimita 60 na kimo cha sentimita 45 hadi 50. Kiinuliwe kufikia kiunoni mwa mtu, ili panya na mbwa wasifike na wewe usafishe bila kuinama. Sakafu iwe ya waya imara au fito laini zilizoachana kama sentimita 1.5, kinyesi kidondoke chini. Weka kipande cha ubao mahali pa kupumzikia. Sungura anayekaa juu ya waya siku zote hupata vidonda vya nyayo.

Hapa kaunti yetu ina hali mbili. Sungura huumia joto likizidi nyuzi 30, na dume akikaa muda mrefu katika joto kali anaweza kupoteza uwezo wa kuzalisha kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo Voi, Taveta na Mwatate chini, jenga kizimba chini ya mti, funika mabati kwa nyasi au makuti, na mchana wa joto kali tundika gunia lililoloweshwa upande wa upepo. Wundanyi na vilele vyake, shida ni ukungu na upepo wa baridi. Ziba upande unaovuma upepo, lakini usifunge pande zote; mvuke wa mkojo ukibaki ndani huunguza mapafu.

Unaponunua mbegu, chagua New Zealand White, California White, Chinchilla au machotara wao. Angalia macho yanayong'aa, pua kavu, masikio safi ndani na nyayo zisizo na vidonda. Dume asiwe ndugu wa majike. Na umwinue sungura kwa ngozi ya mgongo wa juu huku mkono mwingine ukishika matako. Masikio si mpini.

KUPANDISHA NA KUZAA

Jike yuko tayari akiwa na miezi 5 hadi 6, dume miezi 6 hadi 7. Mpeleke jike katika kizimba cha dume, kamwe si dume kwa jike, kwa kuwa jike hulinda kwake na atampiga. Fanya hivyo asubuhi mapema au jioni. Dume akimaliza huanguka ubavu. Andika tarehe hapo hapo.

Mimba huchukua siku 31 hivi. Siku ya 28 weka sanduku la kuzalia lenye nyasi kavu laini: urefu sentimita 45, upana 30, kimo 30. Jike atajinyofoa manyoya kutandika. Huzaa wastani wa watoto 6 hadi 8, wakiwa uchi na vipofu. Siku inayofuata, nawa mikono, kagua sanduku na uondoe aliyekufa.

Wafugaji wapya huingiwa na hofu wakiona mama yuko mbali na watoto mchana kutwa. Hiyo ni desturi yake. Hunyonyesha mara moja au mbili kwa siku, dakika chache tu, mara nyingi usiku au alfajiri. Matumbo ya watoto yakiwa yamejaa na ngozi haikukunjamana, wamenyonya.

Macho hufunguka karibu siku ya 10 hadi 12, na wiki ya 3 huanza kutoka sandukuni. Waachishe kunyonya wakiwa na wiki 6. Wakifikisha miezi 3, tenganisha madume na majike, la sivyo utapata mimba usizozipanga. Ukimrudisha mama kwa dume baada ya kuachisha, atazaa mara 4 hivi kwa mwaka akiwa na afya. Usimlazimishe zaidi.

CHAKULA NA AFYA YA SUNGURA

Nyasi kavu ndizo msingi. Ziwepo kizimbani muda wote. Ongeza majani mabichi yaliyonyaushwa kivulini kwa siku moja: matembele ya viazi vitamu, mchicha, majani ya mpunga au magugu laini ya shambani. Majani yenye umande au mvua yanaweza kumletea sungura shida ya tumbo. Kabichi pia huleta gesi. Iwe kidogo au isiwepo. Jike anayenyonyesha apate chakula cha dukani cha sungura cha punje, gramu 200 au zaidi kwa siku. Wengine gramu 100 hadi 150. Maji safi yasikosekane, hasa kwa mama, ambaye hunywa lita nzima au zaidi akinyonyesha wakati wa joto.

Usiwape majani ya nyanya, ya viazi vya mbatata, ya parachichi wala mvuti, ule mmea wa vichakani wenye maua madogo ya rangi mbili tatu. Usikate nyasi palipopigwa dawa wala mbwa wanapojisaidia. Ukibadilisha chakula, fanya hivyo polepole kwa wiki nzima.

Ukimwona sungura akila kinyesi laini moja kwa moja kutoka mwilini, usishtuke. Hicho ni chakula kinachopita mara ya pili ili apate vitamini na protini.

Magonjwa ya kuangalia kila siku ni haya:

• Kuhara damu na tumbo kuvimba, hasa kwa waliotoka kuachishwa. Safisha vizimba, weka chakula juu ya sakafu si juu ya kinyesi, na uombe dawa kwa afisa.
• Upele wa masikio. Sungura hutikisa kichwa, ndani ya sikio pana magamba kama ya ngano. Matone ya mafuta ya kupikia hulainisha magamba, lakini wadudu wakizidi, mtaalamu ampige sindano.
• Mafua yenye usaha puani. Mtenge mgonjwa mara moja na urekebishe hewa ya banda.

Mnyama au ndege aliyepewa dawa asichinjwe, na mayai yake yasiliwe, mpaka siku zilizoandikwa kwenye dawa hiyo ziishe.

SAMADI NA MKOJO

Chini ya vizimba weka bati lililoinama kuelekea jerikeni. Mkojo wa sungura una naitrojeni nyingi, na wakulima wengi huuchanganya lita 1 kwa lita 10 za maji na kumwagilia sukuma wiki na migomba. Jaribu kwanza kwa mimea michache. Samadi ya kuku ni kali. Iache ioze pamoja na majani makavu kwa miezi 2 au zaidi kabla ya kuiweka kwenye mimea michanga. Kwa shamba la matuta lililochoka, faida hii peke yake hupunguza mfuko wa mbolea ya dukani.

SOKO KABLA YA BANDA

Miaka iliyopita nchini Kenya ufugaji wa sungura ulivuma sana. Watu waliuziwa mbegu kwa bei ya juu wakiahidiwa kwamba watoto wote watanunuliwa tena na aliyewauzia. Walipozaa kwa wingi, wengi hawakumwona mnunuzi. Fundisho lake ni hili: anayekuuzia mbegu na kukuahidi soko anapata faida yake siku ya kwanza. Usichukue mkopo wala kuuza mbuzi kwa ahadi hiyo. Ikiwa kuna mkataba, usomwe na mtu mwingine kabla ya kutia sahihi, na uulize nini kitatokea mnunuzi asipokuja.

Fanya hesabu hii ya majike 3 wa sungura. Kila mmoja azae mara 4 na abakishe watoto 5 kila mara: ni watoto 60 kwa mwaka. Wakifika kilo 2.2 wakiwa na miezi 4 hadi 5, kila mmoja hutoa nyama ya kilo 1.1 hivi, jumla kilo 66. Sasa jiulize: familia yangu itakula ngapi? Sungura mmoja kila wiki ni 52. Basi nyumba ya watu sita inaweza kula karibu wote, na mradi umefaulu kabla hujauza hata mmoja, kwani hizo ni kilo za nyama ambazo hukuzinunua buchani. Ukitaka kuzidisha majike hadi 10, tafuta kwanza hoteli, shule au majirani wanaothibitisha kununua, na uandike majina yao.

Kuku hana tatizo hilo. Soko lake lipo Voi, Mombasa na kila njia panda ya barabara kuu. Tatizo lake ni bei. Anayeuza kuku mmoja mmoja kwa dharura ya karo hupokea anachopewa. Wafugaji wa kijiji wakikusanya kuku 50 wa umri mmoja, mnunuzi huja na hulipa kwa uzito.

Wateja wengi wa ukanda wetu watauliza kama mnyama amechinjwa kwa njia ya halali, lipange mapema. Nyama ya kuuzwa kwa umma ikaguliwe na mkaguzi wa nyama, na ukitaka kusafirisha mifugo hai nje ya kaunti, uliza kwanza ofisi ya mifugo kuhusu kibali.

Mwisho, weka daftari. Kurasa nne zinatosha: tarehe za kupandisha na kuzaa, tarehe za chanjo, fedha zilizotoka, fedha zilizoingia pamoja na mayai na nyama mliyokula nyumbani. Daftari likae mahali ambapo anayewalisha mifugo, awe mama au mtoto, anaweza kuandika na kusoma. Na anayefanya kazi aketi mezani fedha zinapogawanywa. Miradi mingi ya kuku hufa pale kuku wa mama wanapogeuka kuwa wa baba siku ya kuuza.

JIPIME

1. Mtetea alianza kuatamia tarehe 1. Vifaranga utawatarajia lini, na utawachanja lini mara ya kwanza?
2. Kwa nini kuku asilale juu ya kizimba cha sungura?
3. Jike wa sungura alipandishwa tarehe 3 Machi. Sanduku la kuzalia utaliweka tarehe ngapi?
4. Unakaa Mwatate na dume wako amekosa kuzalisha mwezi wa Februari. Utaangalia nini kwanza?
5. Umeahidiwa soko la sungura 200. Utauliza maswali gani mawili kabla ya kununua mbegu?

Majibu: (1) Tarehe 22, chanjo tarehe 29. (2) Kinyesi chake huchafua chakula na maji, na viini huhama. (3) Tarehe 31 Machi, ambayo ni siku ya 28. (4) Joto la kizimba. (5) Nani amethibitisha kununua kwa maandishi, na nitafanya nini asipokuja?

Kwa mafunzo ya kuchanja, ratiba ya chanjo za eneo lako au kukaguliwa mifugo wagonjwa, fika kwa afisa wa mifugo wa wadi yako au ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo ya Voi, Mwatate, Wundanyi au Taveta. Nenda na daftari lako.